Kubonyeza badala ya kuchomwa sindano

Dada yangu, umeuliza kama mama yako, ambaye hutapika kila apandapo basi la Mbarara kwenda Kampala na hataki kusikia habari za akupancha, tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano mwilini, kwa kuogopa sindano, anaweza kusaidiwa kwa vidole tu. Anaweza kujaribu, kwani akupresha, yaani kubonyeza kwa vidole, imetoka katika tiba ileile ya Kichina na hutumia sehemu zilezile za mwili, ila ngozi haitobolewi.

Sehemu inayomfaa huitwa Neiguan, au P6. Alaze vidole vitatu vya mkono mmoja juu ya mkono wa pili, upande wa kiganja, kidole cha pete kikigusa mkunjo wa kifundo cha mkono. Pale kinapoishia kidole cha shahada, katikati ya kano mbili zinazojitokeza akikunja ngumi, ndipo penyewe. Abonyeze kwa kidole gumba, akizungusha polepole kwa dakika 2 au 3, kisha ahamie mkono mwingine. Asikie uzito, si maumivu. Mama yangu mdogo alikaza mpaka akavilia damu, jambo ambalo halikuhitajika hata kidogo. Aanze kabla basi halijatoka stendi.

Sehemu hii imeonekana kupunguza kichefuchefu kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, ingawa kwa wasafiri ushahidi bado ni hafifu. Akitapika hata siku asiposafiri, au akiwa na homa, tafadhali mpelekeni kituo cha afya akapimwe malaria kwanza.