Mdoli wa kulala nao: ninachoangalia kabla ya kutoa hela

Januari ikifika na watoto wakianza dei kea, akina mama wenzangu hapa Moshi huniuliza ni mdoli gani wamnunulie mtoto ili alale bila kulia. Huwa nawajibu kwa kuwauliza na mimi: mtoto mwenyewe ana nini tayari? Watoto wengi wameshajichagulia zamani, sema sisi hatujaangalia. Kuna anayelala na pindo la blanketi, kuna wa soksi ya baba. Wangu alikuwa na kanga yangu ya kulalia. Alikuwa anakusanya pindo lake kwenye ngumi, analisugua chini ya pua taratibu, macho yanaanza kulegea. Ukiona kitu cha namna hiyo, hela ya mdoli kanunulie mafuta ya kula. Kata kipande cha kanga ukubwa wa leso, fundi akikunje pindo, mtoto aende nacho.

Daktari mmoja wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1953. Alisema mtoto huanza kushikamana na kitu kama hicho kati ya mwezi wa 4 na wa 12, na kwamba kinamsaidia kuvumilia muda ambao mama hayupo karibu. Mwenye kukichagua ni mtoto. Wewe unaweza kuweka vitu viwili vitatu karibu yake ukasubiri, basi. Mdoli uliomkabidhi kwa mbwembwe siku ya kuzaliwa unaweza kukaa juu ya kabati mpaka akaingia darasa la kwanza.

Na kuna watoto wasiohitaji kitu chochote. Mtoto anayeshinda mgongoni na kulala ubavuni mwa mama yake, mara nyingi hana haja ya dubu. Mama mkwe wangu, mtu wa Kibosho, alipomwona dubu wetu kitandani aliuliza, "Na huyu mnyama analala hapa kama nani?" Nilicheka, ila swali lake lina maana. Kama mtoto analala vizuri, usimtafutie mazoea mapya.

Kuhusu umri sina mjadala. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, mdoli haulali naye. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri hivyo hivyo: mito, mablanketi na midoli laini vikae mbali na mahali anapolala mtoto mchanga, kwa sababu vinaweza kumziba pua na yeye hana nguvu ya kuvisukuma. Mchana, wewe ukiwepo, acha acheze nao.

Sasa twende sokoni. Mimi sipendi midoli ya madukani, ile inayokaa ndani ya nailoni yenye utepe mwekundu na moyo kifuani. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya wapenzi, manyoya yanang'oka na bei inauma. Naenda Memorial, kwenye meza za mitumba, nafukua. Mdoli wa mtumba umeshachezewa na mtoto wa watu na kufuliwa mara nyingi huko ulikotoka. Kama manyoya na mishono bado ipo, basi utavumilia na kwako.

Ukiupata unaoupenda, usiangalie sura kwanza. Shika jicho kwa kucha, livute kwa nguvu kweli kweli. Fanya hivyo kwa pua na vifungo. Muuzaji atakuambia, "Dada, utaniharibia mali," mwambie bora iharibike mezani kwako kuliko kooni kwa mwanangu. Kitu kinachopita kwenye bomba la katikati la toilet pepa ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, anaweza kupaliwa nacho. Ndiyo maana nachukua yenye macho ya kudarizi kwa uzi. Utepe wa shingoni naukata hapo hapo.

Kisha minya tumbo, miguu na makalio. Ukisikia punje punje ndani, hizo ni shanga za plastiki, mshono ukiachia zinamwagika zote. Rudisha. Ukigusa kitu kigumu kama kiboksi, huo ni mdoli wa kuimba, na ndani kuna betri. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko kote. Zile betri bapa kama kifungo, mtoto akimeza moja ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Ukihisi amemeza, usisubiri itoke yenyewe, kimbilia hospitali muda huo huo. Mdoli wa kuimba mimi siuleti nyumbani hata nikipewa bure.

Ukubwa uwe wa kiganja chako, au uzidi kidogo. Mtoto aweze kuushika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikwa na dada, na uingie kwenye begi la shule. Ule mkubwa kama mtu mzima ni wa kupigia picha sebuleni.

Ukifika nyumbani, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, fua, suuza mpaka maji yawe meupe. Usiukamue kwa kuunyonga, mishono itachoka. Ufunge kwenye taulo uukandamize, halafu anika juani. Masika hapa kwetu ni shida: nje umekauka, katikati bado umelowa, baada ya siku chache unanuka ukungu. Ndiyo maana nataka mdogo na mwembamba. Mtoto mwenye pumu anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu wadudu wa vumbi hujificha kwenye manyoya. Maji ya nyuzi 60 huwaua, na mdoli usiostahimili maji hayo unaweza kuufunga kwenye mfuko ukaulaza kwenye friza usiku mzima, kisha ukaufua kawaida.

Ila fahamu kwamba mtoto anaweza kuukataa mdoli uliofuliwa. Winnicott huyo huyo aliliona hilo, kwamba harufu ni sehemu ya kitu chenyewe, na ukiiondoa unaweza kuwa umemnyang'anya. Kwa hiyo nunua miwili inayofanana, mapema, kabla hajaupenda mmoja. Kwenye mitumba kupata pacha ni bahati, lakini kipande cha kanga unakata hata vitatu. Vizungushe: kimoja mkononi kwake, kingine kwenye maji, vyote vizeeke pamoja na vinuke sawasawa. Na siku kimoja kikibaki kwenye daladala la Majengo, hakuna msiba.

Dei kea nayo ongea nayo kabla. Zipo zinazokataza vitu vya nyumbani kwa sababu ya ugomvi wa watoto, na siwalaumu. Omba tu mdoli ukae ndani ya begi, utoke saa ya kulala mchana, urudi kwenye begi. Andika jina la mtoto kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ile lebo ya mshononi. Na mwalimu akikushauri umwachishe kwa kuwa ameshakuwa mkubwa, muulize kwanza kama mdoli unamzuia kucheza na wenzake. Kama haumzuii, mwache nao.