Kaza, bana, funga na seti: kila kitenzi na kazi yake gereji

SWALI: Ninafundisha vijana kutengeneza pikipiki hapa Igoma, Mwanza, na nyingi tunazopokea ni za zamani. Wao husema "kaza" kwa kila kitu: kaza plagi, kaza cheni, kaza tapeti, kaza klachi. Wakati mwingine husema "funga" au "bana" kana kwamba ni neno lilelile. Je, maneno haya yana tofauti au ninawasumbua bure? Na lipi ni sahihi: nati imelegea, imelegeza au imelegezwa?

JIBU: Huwasumbui bure, fundi. Tofauti ipo, na kwenye injini tofauti hiyo ina gharama yake.

Tuanze na funga, maana ndilo neno pana kuliko yote. Kufunga ni kukiweka kitu mahali pake kikashikana na kingine, na kinyume chake ni kufungua. "Funga plagi" ni kazi nzima: kusafisha tundu, kuiingiza plagi na kuizungusha kwa vidole mpaka wosha yake ikae, kisha kumalizia kwa spana. Kukaza ni hatua ya mwisho tu ndani ya kazi hiyo. Kwa hiyo "umeifunga plagi?" na "umeikaza?" ni maswali mawili. Plagi iliyofungwa bila kukazwa huvujisha mgandamizo, na hupata joto kupita kiasi kwa sababu haijagusana vizuri na chuma kinachopaswa kuipoza.

Kukaza basi ni kukiongezea nguvu ya kushika kitu ambacho tayari kimekaa mahali pake. Neno hili halisemi kiasi, na hapo ndipo vijana wanapoharibu. Kumwambia mwanafunzi "kaza sana" si maelekezo. Silinda hedi ni ya alumini na meno yake ni laini kuliko meno ya plagi, kwa hiyo anayekaza kwa hasira hula meno ya hedi, si ya plagi. Kiswahili kina kazia, yaani kuongeza juu ya kilichokwisha kukaa, na hapa ndipo mahali pake: "Zungusha kwa vidole mpaka wosha iguse, kisha kazia nusu mzunguko." Hiyo ni plagi mpya. Iliyokwisha kutumika hukaziwa kati ya thumni na robo ya mzunguko, kwa kuwa wosha yake ilishabonyea.

Kuhusu "kaza cheni", sitasema ni kosa. Kila gereji inasema hivyo na kila mtu anaelewa. Ila neno linaelekeza mawazo upande usiofaa, kwa sababu kinachotafutwa si mkazo bali ulegevu utakaobaki. Ningependa vijana wako wazoee kusema: "Punguza ulegevu wa cheni ubaki milimita 20 hadi 30." Kipimo hicho kinafaa pikipiki nyingi ndogo, ingawa kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho cha mwisho. Kipimwe katikati ya upande wa chini, na pale cheni inapobana zaidi, kwani cheni ya zamani hailiki sawasawa: zungusha gurudumu polepole na upime sehemu kadhaa. Kisha legeza nati ya ekseli, sogeza virekebishi vya pande zote mbili kwa alama zilezile, kaza nati, halafu pima tena. Kukaza ekseli mara nyingi huivuta cheni kidogo.

Sababu ya kuacha ulegevu ni hii. Pikipiki inapotoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa, shokapu hubonyea, na gia ya mbele ya cheni, egemeo la mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na ekseli hukaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo umbali kati ya gia ya mbele na ya nyuma huwa mkubwa kuliko wakati wowote. Cheni iliyokazwa "vizuri" bila mzigo haina tena pa kwenda, basi huivuta shafti ya gia: beringi inakufa na sili ya oili inaanza kuvuja.

Kwenye tapeti, yaani skrubu inayoweka nafasi ya valvu, nakuomba uwe mkali kabisa. "Kaza tapeti" ni agizo baya, kwa sababu mahali pale pana kazi mbili zenye vitenzi viwili. Tuchukue injini ya Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kuigwa na viwanda vingi vya China, ndiyo maana muundo wake anaujua kila fundi. Nafasi ya valvu zake ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Agizo kamili ni: "Seti tapeti, kisha kaza loknati." Skrubu ya tapeti huzungushwa mpaka geji ya 0.08, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa ugumu kidogo. Loknati, nati inayoizuia skrubu isizunguke, ndiyo inayokazwa.

Kabla ya hapo, alama ya T ya rota ilingane na alama ya kwenye kava, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Utaijua kwa kutikisa roka, vile vikono vinavyosukuma valvu: zote mbili zinacheza. Kama moja imebanwa, zungusha injini mzunguko mmoja zaidi. Unapokaza loknati, ishike skrubu isizunguke nayo, halafu pitisha geji upya. Mwanafunzi aliyeambiwa "kaza" ataifunga nafasi yote, na valvu haitakaa tena kwenye kiti chake. Injini itakuwa ngumu kuwaka, mgandamizo utapungua, na valvu ya kutolea moshi itaungua. Nafasi ikizidi, utasikia kelele tu na nguvu kupungua kidogo. Hasara yake ni ndogo.

Wapo watakaokuambia useme "rekebisha" badala ya "seti". Mimi naikubali seti. Imeshakuwa kitenzi cha Kiswahili chenye viambishi vyote (ameseti, imesetiwa, haijasetiwa), na inasema jambo ambalo rekebisha haisemi, yaani kufikisha kwenye kipimo. Kurekebisha kunaweza kuwa kuondoa kasoro yoyote ile.

Sasa bana. Kubana ni kushika kwa kusukuma pande mbili mpaka nafasi isibaki, ndiyo maana tuna kibanio na kibano. Kama agizo, liachie vitu vinavyobanwa kweli: bana kipande kwa jiliwa, bana waya kwa plaisi. Zaidi ya hapo, kwenye pikipiki bana ni neno la ugonjwa. Mteja akisema "breki inabana", usimwelewe haraka. Wengine humaanisha inashika vizuri, wengine humaanisha haiachii. Muulize: "Inashika, au inabana hata usipokanyaga?" Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya kati na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika.

"Kaza klachi" nayo inapotosha. Ukiuvuta waya wa klachi ukaisha mchezo, hujaikaza klachi. Umeiachisha, kama vile mtu kashika mkono wa klachi safari nzima. Ukipanda mlima wa Bugando injini inalia na pikipiki haiendi, na sahani zinaungua. Sema "seti mchezo wa klachi": milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono.

Sasa swali lako la mwisho. Legea ni hali ya kitu chenyewe: nati imelegea. Legeza ni kitendo na kinataka mtendwa: mtetemo umelegeza nati. Legezwa ni pale kitendo kinapomwangukia mtendwa: nati imelegezwa, yaani kuna aliyeilegeza. "Nati imelegeza" inamwacha msikilizaji akiuliza: imelegeza nini?

Usiwasahihishe kwa kanuni hiyohiyo wanaposema "nati imekaza", maana kaza hutumika pia kutaja hali bila mtendwa, kama tunavyosema msuli umekaza. Tena inafaa kuitofautisha na "imekazwa". Nati iliyokaza kwa kutu, hasa kwenye pikipiki zinazolala ufukweni, inataka mafuta ya kupenya na subira kabla ya spana. Iliyokazwa mno na fundi aliyetangulia inataka spana ndefu inayoenea vizuri, na baada ya kuifungua, ukaguzi wa meno yake kabla hujairudisha.