Nianze na lipi, wajukuu wangu wanijue?

SWALI

Hujambo mwanangu unayejibu barua. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, mwalimu mstaafu, naishi Muheza. Kazini niliingia kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote: nilimaliza darasa la saba 1976, mwaka uliofuata nikashikishwa chaki huku nasomea ualimu humo humo kijijini. Baada ya kuolewa, asubuhi nilikuwa nafundisha watoto, jioni ngumbaru, watu wazima wa kujifunza kusoma na kuandika, mama mkwe wangu akiwamo.

Sasa nimenunua kaunta buku la kwaya mbili, nataka niwaandikie wajukuu maisha yangu. Ukurasa wa kwanza nimeuchana mara nne. Naandika "Nilizaliwa 1961", kalamu inagoma hapo. Mwanangu mkubwa, yuko Dar es Salaam na cheo chake, naye kasikia kakataa: "Mama, usije ukaandika habari za kufulia majani ya mpapai na kuvaa viraka, watoto watatucheka." Lingine ni zito. Marehemu mume wangu alikuwa na mtoto wa nje, tukamjua siku ya arobaini. Wajukuu hawajui. Niandike au niache?

Bibi wa Muheza

JIBU

Shikamoo, Bibi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwa mama mkwe. Umempa maneno manne tu, ukampita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Mimi ningesimama hapo. Mkwe uliyekuwa unamwamkia kwa goti alfajiri, anayekuonyesha nazi ikunwe kiasi gani, jioni anakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, ananyoosha kidole anakuita mwalimu. Alipokosea ulimfanyaje? Ulimwekea kosa kwa kalamu nyekundu? Na usiku, mkirudi jikoni, nani alikuwa mkubwa?

Anza hapo. Mwaka wa kuzaliwa hauna haraka, upo hata kwenye kitambulisho cha NIDA. Na miaka mingine ikikuchanganya, itundike kwenye msumari mkubwa. Vita vya Kagera vinaanza 1978, ulishaolewa? Waziri Mkuu Sokoine anafariki Aprili 1984, ulikuwa na mimba ya nani? Mzee Mwinyi anaingia madarakani 1985, nyumba ilikuwa ya nyasi au ya bati?

Mwanao nitamjibu kwa heshima, huenda ni rika langu. Miaka ile ya mwanzo wa themanini sabuni ilipoadimika, waliofulia majani ya mpapai hawakuwa wa Muheza peke yao. Mama yangu alinifulia sare nayo, nikaenda shule na kola yenye ukijani, na nusu ya darasa walikuwa hivyo hivyo. Andika mlivyokuwa mnayaponda, povu lilikuwaje, mikono ilinuka nini. Wajukuu wakicheka wacheke, kicheko cha mjukuu hakijaua mtu. Ila viraka vya kaptula yake ni vyake. Akisema usivitaje, usivitaje. Andika habari za sindano, maana aliyeshona ni wewe.

La mtoto wa nje silikimbii. Huyo sasa ni mtu mzima, ana habari zake, na mama yake ana zake. Kaunta buku si mahali pa wajukuu kukutana naye mara ya kwanza. Mpigie simu umwambie unaandika. Akiridhia, kurasa zake ziandikeni mkiwa wawili. Asiporidhia, andika ya kwako tu: siku ile ya arobaini ulikuwa umekaa wapi, nani alikunong'oneza, chai uliinywa au ilipoa. Lakini kuambiwa, wajukuu waambiwe, kwa mdomo, mwanao mkubwa akiwepo, na isichelewe. Ndugu wasiojuana huweza kuchumbiana, mambo hayo tumeyaona.

Jambo dogo, nalo nakuomba ulifanye leo kabla ya kaunta buku. Toa picha zote kwenye albamu, zigeuze, andika majina nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, kalamu ya wino inapenya. Ninayo picha moja ya marehemu bibi yangu, wanawake watatu wamesimama studio, nyuma pameandikwa "Tanga 1963". Wawili tunawajua. Wa tatu kamshika bibi bega, wamevaa kanga doti moja, wamecheka cheko moja. Nimeizungusha kwa shangazi zangu wote, kwa wazee wa mtaa, hadi kwa mtoto wa mwenye studio. Hakuna anayemjua.

Ukishamaliza ukurasa wa mama mkwe, nipigie nakala uniletee. Nataka kujua neno la kwanza aliloandika mwenyewe ubaoni lilikuwa lipi.