Mafaili yaliyobaki kwenye foleni ya barua pepe: yafutwe au yaachwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za ofisi moja ya kupokea watalii hapa Arusha, na seva yetu ya barua pepe hutumia programu ya Exim, inayopokea na kutuma barua, juu ya mfumo wa Debian. Tangu umeme ulipokatika mara tatu katika wiki moja, folda ya /var/spool/exim4/input imebaki na mafaili kadhaa ambayo majina yake yanaishia na -D, ilhali amri ya exim -bp, inayoorodhesha barua zilizo foleni, hainionyeshi barua yoyote. Je, nikiyafuta nitapoteza maombi ya wageni?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kufuta, maana wengi hutuandikia baada ya kufuta.

Kila barua iliyo foleni huhifadhiwa na Exim katika mafaili mawili yenye namba moja: la -D hubeba mwili wa barua, na la -H hubeba vichwa vyake pamoja na anwani za mtumaji na wapokeaji. La -D huanza kuandikwa, la -H hufuata, na ni baada ya hapo tu ndipo seva iliyotuma hujibiwa kwamba barua imepokelewa. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, -D hubaki peke yake, mithili ya kifurushi kilichoshushwa stendi bila jina la mwenyewe. Na kwa kuwa exim -bp hutafuta mafaili ya -H, haiwezi kukionyesha.

Kwa hiyo barua iliyotoka seva nyingine kwa kawaida haipotei, kwani seva hiyo, isipopata jibu, hubaki na nakala yake na kujaribu tena baadaye. Wasiwasi wangu uko kwenye barua zinazotungwa na programu ndani ya seva yenyewe, kama vile fomu ya maombi ya safari, ambazo huenda zisiwe na wa kuzituma upya. Fungua kila -D uisome kabla ya kuamua.

Tena, si kila -D iliyo peke yake ni mabaki: picha kubwa zinazoingia polepole huonekana hivyohivyo hadi zimalizike. Simamisha Exim kwanza, angalia tarehe kwa ls -l, kisha yahamishie ya zamani kwenye folda nyingine badala ya kuyafuta papo hapo.

Barua yenye mafaili yote mawili usiiguse kwa mkono. Kama kweli huitaki, tumia exim -Mrm na namba yake. Ukikuta -H bila -D, tafuta namba hiyo kwenye faili la kumbukumbu (log) la Exim kwa amri ya exigrep: neno Completed humaanisha kwamba Exim ilikwisha kuishughulikia barua hiyo.

Mabaki yakiendelea kutokea hata umeme usipokatika, pima nafasi ya diski kwa df -h, halafu idadi ya mafaili kwa df -i, kwa sababu mafaili madogo mengi huweza kumaliza idadi ya mafaili ambayo diski inaruhusu huku nafasi ikionekana tele.