Usimpelekee mwenye nyumba hiyo barua

Dadangu, hiyo barua ichane. Umeuliza kama ni sawa kumwandikia mwenye nyumba unayotaka kununua Kizingo, hapa Mombasa, na kumtilia picha ya watoto ili akupendelee. Mimi niliandika kama hiyo nilipokuwa nataka kununua nyumba Tudor, na mpaka leo inaniuma.

Dalali ndiye aliyenitia katika hayo. "Mguse mzee moyo, bei itashuka yenyewe." Nikakesha na karatasi mbili: madrasa wanayosoma watoto, mkataba wetu wa kupanga unaisha Disemba, sacco imetupitishia mkopo wa milioni 9.5. Nikamalizia, "Sisi ni wa hapa hapa, dini moja na nyinyi." Mstari huo niliuandika nipendelewe, sina la kuuficha.

Mzee alikuwa ameomba milioni 8.8. Siku ya tatu akanipigia, akanishukuru kwa sauti ya upole, kisha akataja 9.5. Shilingi ile ile niliyoiandika kwa mkono wangu! Nikalipa, maana na Disemba yangu alishaijua.

La pesa nimelimeza. Lisilomezeka ni hili: tulipokwenda kuchukua funguo, barua yangu ilikuwa juu ya kabati la vyombo, ule mstari wa dini umepigiwa wino chini. Bintiye mzee akanieleza, bila hata kuona haya, kwamba kulikuwa na nesi wa kutoka Machakos aliyekubali bei mwanzo, pesa anazo tayari, akaambiwa nyumba imeshakwenda. Haikuwa imekwenda. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inamkataza mtu kumbagua mwenziwe kwa dini au kabila, na sababu ya kumbagua mama wa watu nimeiandika mimi, kwa hati nzuri.

Huko Marekani jimbo la Oregon lilitunga sheria 2021 mawakala wasipeleke barua hizi kwa wauzaji; 2022 mahakama ikaizuia kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Kwa hivyo wenzetu nao wanavutana juu ya jambo hili hili.

Wewe andika bei, utalipaje, na lini. Basi. Unasali wapi, watoto wangapi, mkopo kiasi gani, hayo yabaki nyumbani kwako. Na dalali akikushikilia umguse mtu moyo, muulize mbele ya mashahidi: kamisheni yake inapanda bei ikipanda, au ikishuka?