Stovu ya mavyaa

Swali

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Tanga mjini. Mwezi uliopita mavyaa wangu alihamia kwetu kutoka Pangani, akaja na stovu yake ya pampu, ya shaba, yenye miguu mitatu. Anasema alipewa na mamake alipoolewa, na kwamba ni ya Mjerumani. Sisi tunapikia gesi, kwa hiyo niliiweka stoo. Juzi akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, nikamtolea. Mavyaa akatoka chumbani akaikuta imekaa juu ya mizani.

Tangu siku ile hali chakula changu. Anakunywa chai tu, na hiyo chai anasema haina ladha kwa sababu ya gesi. Mume wangu ananiambia niiwashe hiyo stovu, nimpikie, yaishe. Lakini mimi naiogopa, na nikiipampu haishiki upepo. Je, ni kweli chakula cha stovu ni kitamu zaidi? Na picha niliyokutumia, ni ya mwaka gani?

Mama wawili, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu. Hukuniandikia ilisoma kilo ngapi, lakini ninaweza kukwambia: kilo moja na kitu. Najua kwa sababu yangu nami ilipandishwa kwenye mizani, mwaka 1996, na hakutokea mtu chumbani kunizuia. Fedha niliyopata nilinunulia soksi za shule jozi mbili. Soksi zilikwisha kabla ya muhula.

Kwa hiyo sikukemei. Ila usimtume mumeo akakuombee radhi. Mtu aliyeikuta stovu ya mamake juu ya mizani anataka kumsikia aliyeiweka pale. Nenda mwenyewe, asubuhi, ukiwa na kibiriti na chupa ya spiriti mkononi, umwambie, "Mama, nifundishe kuiwasha." Usiongeze neno. Ukianza kueleza habari za nafasi ya stoo utaharibu.

Sasa tuje kwenye Ujerumani. Nimeikuza picha yako mpaka nikaona maandishi kwenye tumbo la tangi: Primus, na chini yake B.A. Hjorth & Co., Stockholm. Basi hiyo ni ya Sweden. Stovu ya namna hii ilibuniwa huko mwaka 1892 na fundi mmoja aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist, na Hjorth ndiye aliyeiuza duniani. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyouza ile spana ya kubana na kulegeza ambayo mafundi wetu wameipa jina nisiloweza kuliandika kwenye gazeti la familia. Zisome zile herufi B.A.H. na Co. kwa pamoja, unapata Bahco, jina ambalo fundi yeyote wa gereji analijua. Amundsen, yule msafiri wa Norway, alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911 alikuwa na Primus ya kuyeyushia theluji. Mavyaa wako aliyeyushia samli Pangani. Usimsahihishe kuhusu Mjerumani, lakini. Si wiki hii.

Kuhusu umri, tafuta herufi iliyogongwa peke yake kwenye tangi. A ni ya mwaka 1911, na kila mwaka uliofuata ulichukua herufi yake. Zilipokwisha wakaanza kuziandika mbilimbili. Kwenye picha kidole chako kimeziba hapohapo.

Naiogopa, umesema. Vizuri, endelea kuiogopa kidogo. Mimi niliijua kwa sauti kabla ya kuijua kwa macho. Tulikaa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, na alfajiri ya Ramadhani ungesikia stovu zinanguruma uani nyumba hata nyumba. Mama alikuwa anajua jirani gani amechelewa daku. Kisha ikaja ile miaka ya foleni, baada ya vita vya Kagera, mafuta ya taa yakawa ya bahati. Stovu ikapandishwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio, tukarudi kwenye mafiga.

Nilipoiwasha mwenyewe mara ya kwanza nilikuwa bi harusi mwenye haraka. Nilipampu kabla kichwa cha stovu, pale mwali unapotokea, hakijapata moto. Mafuta yakatoka mabichi, yakashika, ukaruka mwali wa manjano mrefu kuliko mimi, ukanila ncha ya kanga. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao anakuna nazi. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akalegeza skrubu ya upepo, moto ukanywea. Akaendelea na nazi yake.

Kosa langu lilikuwa hili: stovu ya pampu haina utambi, na haiunguzi mafuta. Inaunguza mvuke wa mafuta. Kichwa kisipokuwa cha moto, hakuna mvuke. Kwa hiyo itoe uani, mahali pasipo upepo mkali, kwenye sakafu iliyo sawa, watoto wakae mbali. Tangi ulijaze robo tatu tu, maana upepo nao unataka pa kukaa. Skrubu ya upepo iache wazi. Mimina spiriti kwenye kile kikombe kidogo kilicho chini ya kichwa, mpaka kikaribie kujaa, uwashe, halafu usifanye kitu. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Usipampu, usichungulie, mtazame mavyaa wako. Spiriti ikikaribia kwisha, mwali umebaki kidogo unachezacheza, funga skrubu na upampu mara tatu nne, polepole. Itakohoa, kisha utausikia ule mlio na mwali utakuwa wa buluu. Hapo ongeza pampu upendavyo.

Ukiona manjano, legeza skrubu, ngoja ipoe, anza upya na spiriti. Kumbuka kamwe usimimine spiriti juu ya kichwa ambacho bado ni cha moto. Kuzima ni kwa skrubu hiyohiyo, usipulize.

Sasa ile pampu isiyoshika upepo. Ndani, mwisho wa fimbo, kuna washa ya ngozi kama kikombe kidogo, na ikikaa miaka bila kazi hukauka, ikasinyaa. Chomoa fimbo, paka ngozi ile mafuta ya mashine, uikande kwa vidole mpaka ilainike na kutanuka. Ikiwa imepasuka, mpelekee fundi viatu akukatie nyingine kwenye kipande cha ngozi halisi. Rekseni, ile ngozi ya bandia, haitafaa, itageuka gundi. Lakini ukipampu ukaona mafuta yanarudi na kupandisha fimbo, ubovu uko kwenye valvu iliyo ndani zaidi, na hiyo haifunguliwi bila spana yake ndefu. Mtafute fundi mtu mzima. Kijana atakwambia itupwe.

Kabla ya kuiwasha hata mara moja, ipampu ikiwa baridi, ukapake povu la sabuni kwenye maungio yote na kwenye mshono wa tangi. Povu likitoa mapovu mapya mahali, hapo panavuja, na stovu inayovuja ni pambo, haipikiwi. Kile kitundu cha katikati ya kichwa kikiziba, zibua kwa ile sindano yake ya uzi wa chuma ikiwa imezimwa. Usitumie pini ya nguo, utakipanua na moto hautakuwa wa buluu tena.

Na mafuta ya taa yawe ya kituo unachokiamini. Mafuta yaliyoguswa na petroli, hata kidogo, ndani ya tangi lililopampiwa, yanaweza kulipuka. Kwa hili siongezi utani. Uchanganyaji tunao siku nyingi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyatia kwenye dizeli. Ukinusa harufu ya petroli, rudisha.

Umeuliza ladha. Chai haijui imechemshwa na nini, mwanangu. Ila mavyaa wako hasemi uongo, anachanganya mambo mawili. Wali wa zamani ulianzia kwenye stovu, maji yakikauka sufuria ikahamishiwa kwenye jiko la makaa, mkaa ukawekwa juu ya mfuniko, ukapaliwa. Ladha anayoikumbuka ni ya kupalia. Stovu peke yake huunguza wali katikati na kuuacha mbichi pembeni, kwa sababu moto wake ni wa mahali pamoja. Tulikuwa tukiweka kipande cha bati chini ya sufuria ili usambae. Mchuzi inauweza vizuri sana. Kukaanga maandazi, hapana: karai la mafuta ya moto juu ya miguu mitatu myembamba sitaki kulisikia nyumbani kwako.

Ushauri wangu ni kwamba gesi ibaki ya kila siku, na stovu iwe na siku yake. Jumapili jioni, uani, chai ya tangawizi na mchuzi wa samaki. Yeye awashe, mumeo apampu. Ndiyo, mumeo, aliyesema "yaishe" na afanye kazi. Wewe usugue shaba kesho yake kwa majivu na ndimu, uisuuze vizuri, na usiikwangue palipo na maandishi.

Mnunuzi wa vyuma akirudi mpe feni bovu. Kila nyumba ina feni bovu.

Swali

Bibi, kidumu cha mafuta ya taa kimevuja stoo, yamelowesha gunia la mchele upande mmoja. Mke wangu anasema tukiuosha na kuuanika juani utafaa. Kweli?

Baba wa Muheza

Jibu

Si kweli. Harufu itapungua juani, mafuta yatabaki. Mchele wa upande mkavu, kama haunuki hata ukiushika kwenye kiganja chenye joto, utoe na uupike kidogo kwanza. Uliolowa tupa, na usiwape kuku.

Hukusema kidumu kilikuwa kwenye rafu ya juu, ila mafuta hayapandi, kwa hiyo nimeelewa. Kishushe sakafuni, kwenye kona yake, mbali na chakula na mbali na moto, kifuniko kikazwe. Na kama mafuta mengine umeyatia kwenye chupa ya soda, yatoe humo leo kabla hujamaliza kusoma. Mtoto huona soda. Akishakunywa, usimtapishe, wala usikimbilie maziwa, maana akitapika yanaweza kumwingia mapafuni. Mbebe hospitali, na uende na chupa yenyewe.