Kitalu nyumba cha kuegemea ukuta: tuanze na kioo au na ukuta?

SWALI: Mshauri wa bustani, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, na huu ni mwaka wa sita ninaishi Leicester, Uingereza. Nyumba yetu ya matofali imeungana na ya jirani upande mmoja, na ukuta wake wa nyuma unatazama kusini. Tunataka kununua kitalu nyumba cha kuegemea ukuta huo ili tupate mchicha, pilipili mbuzi na bamia. Mume wangu anataka cha polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga, mimi nataka cha kioo. Muuzaji ameshauri tukiweke karibu na dirisha la jikoni, mahali linapotokea bomba la moshi wa boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, kwa kuwa hapo pamesakafiwa tayari. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Ubishi wenu una maana, lakini niruhusu niuweke kando kidogo, kwa sababu katika kitalu cha namna hii ukuta hufanya kazi kubwa kuliko paa. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua la mchana hupita karibu na utosi, hatukuzoea kuuliza ukuta unatazama wapi. Huko Leicester hilo ndilo swali la kwanza. Mchana wa mwishoni mwa Desemba haufikii urefu wa saa nane, na hata saa sita mchana jua huwa limepanda nyuzi 14 hivi tu, kwa hiyo ukuta wa kusini ndio unaolipokea sawasawa. Matofali hunyonya joto mchana na kulitoa polepole usiku, ndiyo maana kitalu kilichoegemea nyumba hula umeme kidogo kuliko kile kilichosimama peke yake uwanjani. Kabla ya kulipa chochote, simameni hapo siku ya jua la Desemba muone kama kivuli cha uzio au cha nyumba za mbele hakiufuniki ukuta wote.

Pendekezo la muuzaji silikubali hata kidogo. Moshi wa boila unaweza kuwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu na inayoua, na kulizungushia bomba hilo kioo ni kuikusanya gesi hiyo penye dirisha la jikoni. Afadhali mgharimie sakafu mpya katika ncha ya pili ya ukuta. Huko nako msizibe matundu ya hewa yaliyo chini ya ukuta, wala msijenge juu ya mfuniko wa chemba ya majitaka. Uangalieni pia ukanda wa kuzuia unyevu, ambao kwa kawaida huwa sentimita 15 hivi juu ya ardhi; mkirundika udongo wa kupandia hadi kuupita, unyevu utapenya ndani ya nyumba.

Sasa nirudi kwenye ubishi. Kioo hupitisha mwanga vizuri zaidi na hakichakai kwa jua, lakini kwa kuwa kitalu chenu kitakuwa chini ya paa la nyumba, ambako kigae au bonge la theluji linaweza kuanguka, msikubali kioo cha kawaida cha milimita 3, kinachovunjika vipande vyenye ncha. Takeni kioo kigumu cha milimita 4, ambacho kikivunjika huwa chembe butu. Polikaboneti ya tabaka mbili huhifadhi joto vizuri zaidi, ila karatasi zake nyembamba hung'olewa na upepo. Kama muuzaji anakubali kuchanganya, mimi ningeweka polikaboneti nene juu na kioo mbele, na nyote wawili mngekuwa mmeshinda.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hewa. Mnunuzi huwaza baridi, kumbe mwezi Julai kitalu kilichofungwa penye ukuta wa kusini huweza kupita nyuzi 40, na hapo maua ya pilipili hupukutika na utitiri mwekundu hushamiri. Madirisha ya paa yawe na eneo linalokaribia moja ya tano ya sakafu, na angalau moja liwe na kifaa cha nta, ambayo hutanuka kwa joto na kulisukuma lifunguke lenyewe hata mkiwa kazini. Upana usipungue mita 1.8, vile vyembamba vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia ni kabati la miche tu.

Kwa sheria za England, kitu kilichoshikamana na nyumba huhesabiwa kuwa upanuzi wake. Kwa nyumba kama yenu, kisichotokeza zaidi ya mita 3 nyuma kwa kawaida hakihitaji kibali, lakini ulizeni halmashauri, na mwenye nyumba kama mmepanga.

Pilipili zitavuka majira ya baridi mkizihifadhia nyuzi 10 hivi. Mchicha pandeni Mei mvune hadi Septemba. Desemba hautakua hata mkiwasha hita, kwa sababu kinachokosekana ni mwanga. Bamia ndiyo mkaidi: otesheni mbegu ndani ya nyumba, mhamishe miche mwezi Juni, na muipange karibu kabisa na matofali, ambako usiku hauna baridi sana.